Gemu Yako na Pamba ya Mzee Maige

Kwa Mzee Maige,
Karibu na jineri,
Bariadi,
Mkoa wa Shinyanga.

Jumanne, 12 Agosti 1997

Mpendwa dada yangu Nyamizi,

Shikamoo dada. Nianze na mguu wako. Yale mawe waliyoyaning'iniza ili yavute mfupa, wameshayatoa? Barua aliyoniandikia Martha kwa niaba yako ilisema zimebaki wiki sita, lakini ilichukua siku kumi na saba kunifikia, kwa hiyo sijui nihesabu kuanzia wapi. Na mama analala wapi hapo hospitali? Asilale sakafuni, kifua chake nakijua. Mwambie shemeji Constantine amletee lile blanketi la kijivu.

Mimi mwili ni mzima. Mgongo unauma, lakini mgongo sasa siuhesabu kuwa ni ugonjwa. Kisicho kizima ni moyo. Dada, nina hofu. Nimekaa nje ya uzio wa jineri, ni saa ya chakula na sijala. Ukiona mwandiko umepinda usidhani nimelewa. Goti ndiyo meza yangu.

Hakuna mtu mwingine ninayeweza kumwandikia jambo hili, na sababu utaiona mwenyewe. Ngoja nikuelezee mahali ninapokaa, maana hujapaona.

Jineri ni kiwanda cha kuchambua pamba, kutenganisha nyuzi na mbegu. Hii yetu ni ya mtu binafsi, ina miaka miwili tu. Sisi vibarua tunashusha magunia, tunayapasua, tunamwaga pamba kwenye shimo, na bomba linaivuta kwenda kwenye mashine. Ukitema mate jioni yanatoka na nyuzi. Siku yenye kazi unalipwa, siku isiyo na kazi unajikalia.

Ninaishi kwa Mzee Maige, Msukuma mkulima. Shamba lake liko Sapiwi, na hapa mjini ana nyumba ya tofali za udongo yenye bati. Mke wake ni Nyanjige, lakini kila mtu anamwita Mayu, yaani mama, na mimi vilevile. Binti yao Kabula amekuja kujifungua, ana mapacha wa miezi miwili. Ni watu wazuri. Nilipofika hapa sina hata sahani, Mayu alinipa uji bila kuniuliza natoka wapi, ndipo baadaye akaniuliza.

Zamani pamba ilikuwa ya chama cha ushirika tu. Ukivuna unapeleka, karani anatenganisha safi na fifi, yaani ile chafu, unarudi nyumbani kusubiri. Siku hizi kuna mawakala watatu wa makampuni, kila mmoja na mizani yake, na bei inapanda wiki hii inashuka wiki ijayo. Kwa hiyo wakulima wameanza kuificha pamba majumbani mpaka bei ipande. Mzee Maige naye ameleta yote mjini na kuirundika chumba cha nyuma, kuanzia sakafu mpaka inagusa boriti. Pembeni pakabaki nafasi ya mkeka wangu. Mimi ndiye mlinzi wake. Ukuta wa chumba haufiki kwenye bati, na upande wa pili analala Kabula na wale mapacha.

Siku ya kwanza alinionyesha kidole. "Wewe Mnyamwezi nakujua, umekulia kwenye tumbaku. Humu ndani ukivuta hata kwa mawazo, nitakutoa na mkeka wako." Akacheka, lakini alimaanisha. Hakuna koroboi, hakuna kiberiti, hakuna sigara. Nikaapa.

Sasa habari ya gemu. Mwezi wa sita nilinunua koti la mitumba sokoni. Ndani ya mfuko wa kifuani nikakuta kitu kama redio ndogo ya plastiki ya kijivu, kina kioo na vitufe vitano. Kijana mmoja jineri alikitambua mara moja. Alisema ni gemu ya kupanga matofali: yanashuka kutoka juu, wewe unayageuza na kuyapanga, mstari ukijaa unafutika. Lakini ilikuwa imekufa. Betri zilikuwa zimeoza ndani yake, zimetoa unga mweupe na wa bluu kama ukungu wa mkate.

Nikakukumbuka wewe umelala chali na mawe mguuni, huwezi hata kugeuka, unahesabu mbao za dari. Nikasema hii ni ya Nyamizi. Atapanga matofali mpaka mfupa uunge.

Nilifanya kazi ile kila Jumapili, nje, chini ya mchongoma. Ule unga niliutoa kwa maji ya limao na mswaki wa zamani. Ulichemka kwa povu kama una hasira. Kioo kilikuwa na mikwaruzo, nikakisugua kwa dawa ya meno na kitambaa laini, mpaka nikaona uso wangu. Vitufe vilikuwa vimekaza. Nilivifungua, chini yake kuna mpira na vidoa vyeusi, nikavifuta taratibu kama macho ya mtoto. Ila ile springi inayoshika betri ilikuwa imeliwa yote, na waya wake umekatika. Fundi redio wa sokoni alinipa kipande cha waya na risasi kidogo ya kuchomelea. Aliniambia pasha msumari wa inchi sita kwenye mkaa, gusisha, toa haraka.

Jumapili hii iliyopita wote walikwenda kanisani. Mimi nikabaki na jiko la mkaa uani. Dada, upepo wa Agosti huku haukuachi. Msumari ulipoa kabla sijaufikisha kwenye waya. Mara tatu, mara nne. Risasi ikawa inaganda kama mafuta ya ng'ombe. Nikasema moyoni, dakika moja tu. Nikalibeba jiko, nikaingia nalo chumbani.

Ndiyo, nililiingiza. Kwenye chumba chenye pamba.

Mara ya kwanza tu risasi ikashika. Nikaweka betri, nikabonyeza, na kile kitu kikalia! Wimbo mdogo, mwembamba, kama chiriku. Matofali yakaanza kushuka. Nilishtuka kwa furaha, nikarusha mkono ule wenye msumari, na tone la risasi pamoja na punje ya mkaa iliyokuwa imenata vikaruka. Niliona vinakokwenda. Vilikwenda juu ya rundo la pamba, upande wa ukutani, na sikuviona tena.

Nilitoa jiko nje. Nikapanda, nikatazama, nikapekua kwa mikono. Hakuna moshi, hakuna doa. Waliporudi kutoka kanisani Mayu akaniuliza mbona nina jasho. Nikasema nimechota maji.

Ungekuwa mtu wa huku ungejua kwa nini siwezi kula. Pamba haiungui kama nyasi. Cheche ikiingia inajichimbia ndani, inakula polepole, haitoi moto wala sauti. Siku mbili, siku tano, hata wiki. Siku ikipata upepo inaruka. Kuna mwenzetu hapa anaitwa Mahona, mikono yake imekunjamana kama ngozi ya kuku wa kuchoma. Mwaka juzi, kwenye kazi yake ya zamani, alipasua gunia lililotembea siku nne kwenye lori, na moto ukamtokea usoni. Yeye mwenyewe anasema gunia lilikuwa baridi kwa nje.

Jana Mzee Maige alijaza magunia sita kutoka kwenye rundo hilo, akamtumia wakala kama mfano wa pamba yake. Wakala akayaleta kwetu jineri. Sijui yalijazwa upande gani wa rundo. Mimi mwenyewe nilisaidia kuyashusha, nikayapanga ghalani katikati ya mamia ya magunia mengine, na sikusema neno. Lililobaki linachukuliwa na lori Ijumaa.

Leo asubuhi nilizamisha mkono kwenye rundo mpaka bega. Dada, ndani kuna joto. Joto kama tumbo la ng'ombe. Na kuna harufu, chachu, kama kitu kinachookwa vibaya.

Unajua ninachokumbuka. Bani la baba, ile nyumba ya kukaushia tumbaku. Nilikuwa na miaka kumi na moja, nimewekwa kuangalia moto wa kukausha tumbaku, nikalala. Bani likaungua na tumbaku yote ya mwaka ule. Baba alipouliza nani alikuwa kwenye moto, wewe ulisema ni wewe. Ulichapwa mbele ya watu, na mimi nilisimama pale nimeshika ndoo tupu. Nilinyamaza. Darasa la tano likawa la mwisho kwangu kwa sababu hela ya shule iliungua humo, na kila mtu alinihurumia, na nikaikubali ile huruma.

Miaka ishirini na mbili, na nimenyamaza tena. Sasa kuna watoto wachanga nyuma ya ukuta.

Kengele ya kazi imelia. Naacha hapa.

Alhamisi, 14 Agosti

Dada, sikuipeleka barua hii posta. Naiendeleza, na utaona kwa nini.

Jana asubuhi nilimkuta Mzee Maige anapiga mswaki nje. Nikamwamkia Kisukuma, "Mwangaluka," akaitikia vizuri, akaniuliza nimeamkaje, nyumbani kwetu wameamkaje, mguu wa dada. Nikamjibu moja moja. Mwishowe nikasema yote kwa mkupuo: jiko, msumari, cheche, joto. Nikangoja kofi.

Hakunipiga. Aliangalia huku na huku, akanivuta ndani, akafunga mlango.

"Umemwambia nani?"

"Wewe tu, mzee."

Akazamisha mkono kwenye rundo. Nilimwona uso unabadilika. Akautoa, akaufuta kwenye shuka. "Hilo joto si lako," akasema. "Nenda kazini."

Sikuelewa. Nikasema mzee, tuitoe pamba nje, tuite majirani, watu kumi wataimaliza kabla ya saa nne. Akanishika kola. "Jirani haingii humu. Umesikia? Jirani haingii."

Ndipo mlango ukafunguliwa, na Mayu akasema akiwa kizingitini. Sijui alikuwa amesimama hapo tangu lini. "Mwambie, Maige. Au nimwambie mimi."

Mzee akakaa kwenye kinu. Dada, alikuwa anaimwagia maji. Kila jioni nikiwa kazini, ndoo mbili, ili ipate uzito kwenye mizani. Wengi wanafanya, alisema, mawakala hawatazami siku hizi, wanagombania tu. Na pamba ikilowa ikarundikwa inapata joto yenyewe, kama samadi. Kwa hiyo joto lile lilikuwa lake, na cheche ilikuwa yangu, na hakuna aliyejua kipi kiko wapi. Tulikuwa wanaume wawili tumesimama juu ya rundo moja, kila mmoja anaogopa lisifunuliwe.

"Labda cheche ilizimika," akasema. Hakuwa ananiambia mimi.

"Labda," nikasema. Dada, nakiri kwamba nililisema. Nililitaka sana hilo neno.

Mayu aliingia kwa Kabula, akamtoa yeye na mapacha mpaka chini ya mchongoma. Kisha akasimama katikati ya uwanja, akaweka viganja mdomoni, akapiga yowe.

Huku yowe si kitu cha mchezo. Linapigwa kwa mwizi wa ng'ombe, kwa simba, kwa moto. Ukilisikia lazima uende, asiyekwenda anatozwa. Nyumba ya pili ikalipokea, na ya tatu, mpaka kule barabarani. Wanaume walifika na mapanga na pinde, wengine kifua wazi, wanauliza ng'ombe wameelekea wapi. Mayu akawaambia hakuna ng'ombe. Akasema kuna moto kwenye pamba, na hiyo pamba mtaikuta imelowa, mcheke baadaye.

Walipanga mstari. Pamba ikatoka kwa shuka, kwa mikeka, kwa kanga za wanawake. Ya juu ilikuwa nyeupe. Ya chini yake ilikuwa ya manjano, nzito, inatoa mvuke kama ugali.

"Maige! Pamba yako imeoga!" akapiga kelele jirani mmoja, Jilala.

"Imeoga na sabuni hakuna," mwingine akaitikia.

"Acheni, ilikuwa inatoka kanisani!"

Walicheka huku wanabeba. Mzee alibeba nao, kichwa chini. Mimi nilikuwa ndani kabisa, upande wa ukutani, ule nilioona cheche ikienda. Nilikuwa nachimba kwa mikono na machozi yanatoka, sijui ya vumbi au ya nini.

Niliikuta saa tatu. Kwanza pamba ya kahawia, kisha nyeusi, kisha nikaondoa konzi moja zaidi na nikaona wekundu. Ulikuwa mkubwa kama papai. Ulikuwa umeshuka kutoka juu, ukafika kwenye tabaka lililolowa, ukashindwa, ukageuka kuufuata ukuta. Ukuta wa Kabula. Dada, ulikuwa umebakiza kama mkono mmoja kufika kwenye mbao za mlango. Ulipopata hewa ukapumua, mwali ukanilamba nyusi. Jilala akanivuta miguu, Mayu akautupia pamba iliyolowa, moja, mbili, tatu, akaipanda juu kwa miguu yake. Ukazimika kwa sauti kama ya paka aliyetishwa.

Hakuna aliyecheka tena. Wote walitoka nje wakawatazama mapacha. Walikuwa wamelala.

Jilala akauliza nani alileta moto kwenye nyumba ya pamba. Nilimwona Mayu anafungua mdomo, na nikajua anataka kufanya nini, maana niliwahi kuuona mdomo ukifunguka namna ile. Nikasema kabla yake. Nikasema ni mimi, Salvatory, kwa mikono yangu, kwa ajili ya kitu cha kuchezea. Nikaitoa gemu mfukoni nikawaonyesha. Kidole kiligusa kitufe na ikaimba wimbo wake mbele ya watu arobaini wenye mapanga. Nilitamani ardhi inimeze.

Wakaishika mmoja mmoja, wakaigeuza. Hawakunipiga. Wamenitoza kuchota maji ya zahanati wiki mbili, na Mzee Maige wamemtoza mbuzi kwa udanganyifu. Lori la Ijumaa wamemwambia wakala lisije. Pamba imetandazwa juani mpaka barabarani na kila apitaye anamwuliza mzee kama nguo zake zimekauka. Hanisemeshi bado. Lakini jana jioni alinisogezea sahani ya michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, bila kunitazama, nikasema wabeja, yaani asante, na akaguna.

Ila kulikuwa na yale magunia sita ghalani.

Leo nilifika jineri kabla ya kengele. Nilitembea taratibu kuliko siku zote. Nilimwambia mnyapara wetu, Masele, mbele ya Mahona. Nilimtazama Mahona mikono wakati nasema. Masele alitukana matusi ambayo siwezi kuyaandika kwenye barua inayokwenda hospitali, kisha akasimamisha mashine. Tulihamisha magunia mia na zaidi mpaka tukayafikia sita yenye alama nyekundu ya Mzee Maige. Tukayabeba mpaka katikati ya uwanja, mbali na kila kitu. Mahona alisema yasipasuliwe leo na upepo huu. Yaachwe yalivyo, na mtu ayakalie macho mpaka Jumapili, na maji karibu.

Masele hakuuliza nani atayalinda. Aliniwekea pipa la maji na ndoo, akaniambia, "Kaa hapo. Mpaka Jumapili huna mshahara. Ukitoka hata kukojoa, niite." Kazi baada ya Jumapili sijui kama ninayo.

Ndipo nilipo sasa. Nimekaa juu ya jiwe, naandika kwenye goti, magunia sita mbele yangu. Kila mistari miwili nanyanyuka, naweka kiganja kwenye kila moja. La nne kutoka kushoto nahisi kama lina joto, lakini jua limekuwa kali na ninaogopa, na mtu anayeogopa anahisi mengi. Upepo ukivuma naisogeza ndoo. Usinionee huruma, safari hii sitaki.

Gemu inakuja pamoja na barua hii. Marcelo, utingo wa lori la mashudu, anakwenda Tabora leo mchana na ameahidi kukufikishia kitandani. Kitufe kikubwa cha kulia kinageuza tofali. Cha chini kinaliangusha. Sauti inazimwa kwa kile kidogo cha juu, izime ili wagonjwa wenzako wasikulaumu. Sasa nisikilize dada: ile sehemu niliyochomelea ikipata joto hata kidogo, toa betri hapo hapo. Na ukilala usiiache kitandani. Godoro lako ni la pamba.

Mama akiuliza mwambie nipo salama, nina kazi. Siku mguu utakapokuruhusu kurudi nyumbani, nenda kaburini kwa baba, umwambie ni nani alilala kwenye bani. Au unisubiri, nije nimwambie mwenyewe. Nadhani ni bora unisubiri.

Nisalimie mama sana, shemeji Constantine, na Martha, mwambie mwandiko wake umenyooka kuliko wangu. Mungu auunge mfupa wako vizuri, na akulinde na kila kitu kinachowaka bila kuonekana.

Marcelo anapiga honi. Nafunga bahasha kwa mkono mmoja, mwingine uko kwenye gunia la nne. Usiwe na wasiwasi, dada. Safari hii silali.

Ni mimi mdogo wako anayekupenda, mwenye deni la fimbo zako zote,

Salvatory